Maswali na Majibu: Kabla ya Kusogeza Fada, Jua Umeunganisha Nini

Nikibonyeza M chaneli hainyamazi. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba hujataja programu ya kurekodi sauti unayotumia, na nimeshachoka kuliomba hilo. Kwenye Logic, M hunyamazisha traki, yaani mstari wa sauti moja ndani ya mradi. Kwenye Reaper, M huweka alama kwenye mstari wa muda. Kama uko Reaper, angalia juu ya mradi wako: huenda alama zimejipanga hapo kama kumbikumbi.

Nimeunganisha fada nane (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) za kwaya kwenye Reaper. Nikitaka kupandisha soprano peke yake navunja kundi, halafu naliunda upya. Hakuna njia fupi?

Ipo. Shikilia Shift huku ukiburuta fada ya soprano. Itasogea peke yake na kundi litabaki salama. Walio kwenye Pro Tools washikilie Control kama wana Mac, au kitufe cha Start kama wana Windows.

Kuna wanaopenda mkato wa kusimamisha makundi yote kwa mkupuo: Command+Shift+G kwenye Pro Tools ya Mac, Ctrl+Shift+G kwenye Windows, na Logic nayo hutumia Command+Shift+G kwa kazi hiyohiyo. Mimi siupendi. Mtu anasimamisha makundi, anagusa sauti moja, simu inaita. Akirudi anashusha fada moja akidhani kwaya nzima inashuka naye, na mizani aliyoihangaikia tangu asubuhi imekwenda. Kitufe cha kushikilia hujiachia ukiinua kidole. Cha kuwasha na kuzima hakikukumbushi chochote.

Hukuniuliza, lakini nina wasiwasi na kundi lenyewe. Kwenye Reaper, chagua traki zako, bonyeza Shift+G kufungua mipangilio ya kundi, utazame umeweka tiki wapi. Kiwango cha sauti na kunyamazisha, sawa. Mwelekeo wa kushoto na kulia uondoe, la sivyo kwaya uliyoitandaza vizuri itahama yote ukigusa mmoja. Solo, yaani kusikiliza traki moja peke yake, nayo iache nje ya kundi: siku utakapotaka kumsikia mwimba tenori anayepotoka, hutaki wenzake saba wamfunike. Watu wengi huweka tiki kila mahali kwa sababu visanduku vipo.

Kwenye laptop yangu F5 inabadilisha mwanga wa skrini badala ya kunyamazisha traki za Reaper.

Shikilia Fn pamoja nayo.

Nina mahojiano ya stirio kwenye Audacity: mtangazaji kushoto, mgeni kulia. Nikifuta kikohozi cha mtangazaji, maneno ya mgeni nayo yanakatika.

Lazima yakatike, kwa sababu traki ya stirio huhaririwa kama kitu kimoja. Ielekee traki kwa mishale ya juu na chini, bonyeza Shift+M kufungua menyu yake, kisha igawe kuwa traki mbili za mono, yaani za sauti ya njia moja. Baada ya hapo Shift+U hunyamazisha ile uliyoielekea, na Shift+S huisikilizisha peke yake.

Sasa ndipo wengi huharibu. Ukishazigawa, hakuna kinachozifunga pamoja. Ukichagua kikohozi na kubonyeza Delete, pengo linajiziba, sauti ya mtangazaji inasogea mbele, na tangu hapo mgeni anajibu maswali kwa kuchelewa. Tumia Ctrl+L: hugeuza kipande kuwa kimya bila kubadili urefu wake. Ukitaka kukata kweli, kata traki zote mbili kwa pamoja.

Naomba link ya Pro Tools iliyovunjwa ulinzi, nisiilipie.

Sitoi. Audacity ni bure. Reaper hukupa siku 60 za majaribio bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kompyuta yenye kazi za wateja si mahali pa kuweka faili usilojua limetoka wapi.

Nilirekodi ngoma kwa maiki mbili, nikaziunganisha kwenye Reaper. Nilisogeza kipande cha maiki moja kidogo tu na ngoma ikawa nyembamba. Si zimeunganishwa?

Fada ndizo zimeunganishwa. Vipande vya sauti ni habari nyingine: vichague vyote viwili ubonyeze G, vitasogea pamoja. U huvitenganisha.

Na hiyo "kidogo tu" yako si ndogo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo sentimita 30 ni karibu milisekunde 0.9. Ukichelewesha maiki moja kiasi hicho, mawimbi ya karibu hezi 570 yanakutana kinyume na kufutana. Rudisha kipande kwa Ctrl+Z, viunganishe kwa G, kisha usikilize miksi kwa mono kabla hujagusa ikwalaiza (kirekebisha besi na sauti nyembamba). Spika nyingi za simu na za ukumbini zitaipiga hivyohivyo, upende usipende.