Mbona tiketi ya keno ya shilingi 20 imekatwa 80?

Kaka wa Likoni, umeuliza kwa nini kwenye keno, bahati nasibu ya kuchagua namba, ulichagua namba sita kwa dau la shilingi 20 ukakatwa 80. Hukuibiwa. Ulizizungushia namba mbili mbili, na hiyo ni tiketi ya makundi. Ukiyaunganisha makundi matatu mawili mawili unapata michezo mitatu ya namba nne. Yote pamoja, mmoja wa namba sita. Ni michezo minne, kila mmoja na dau lake. Ukitaka mmoja tu, usizungushie chochote.

"Spoti" (hapa si michezo ya mpira) ni namba ulizochagua wewe. "Kechi" ni zile kati ya hizo zilizotoka katika 20 zinazochezeshwa kutoka 80. Wengi huyachanganya maneno haya, kisha wakadai malipo yasiyokuwepo: kechi tatu kwenye spoti nne hazilipi sawa na kechi tatu kwenye spoti sita. Soma jedwali la malipo kwenye safu ya idadi ya spoti zako.

Namba "moto", zinazodaiwa kuwa na bahati ya kutoka zaidi, hazipo, tafadhali; kila droo huanza upya. Kupata kechi tano kwenye spoti tano ni takriban mara 1 katika 1,551. Risiti ikaguliwe kabla ya droo, hapo ndipo kosa hurekebishika.