Barua kwa Swaleh, aliyeniuliza kama digrii bado ina kazi

Mwanangu Swaleh,

Waalaykum salaam. Sauti uliyonitumia juzi niliisikiliza nyumbani baada ya Isha, mamako akiwa kando, akacheka pale uliposema "Baba, usikasirike." Sijakasirika. Swali lako ni la haki. Uko mwaka wa tatu huko Nairobi, wasomea ununuzi na ugavi, na mwenzako mliyemaliza naye fomu foo hakwenda chuo, leo ana kibarua yadi ya makontena Changamwe na nyumba anajilipia mwenyewe. Nawe wauliza kama hiyo digrii bado yampa mtu kazi ya kwanza, au uiache uje ujifunze kliaringi, kazi hii yetu ya kutoa mizigo bandarini, mapema. Ukaniongezea na video ya yule Mmarekani asemaye kampuni kubwa kwao hazitaki tena digrii.

Nianze na Mmarekani, maana yake ni mafupi. Ni kweli jimbo la Maryland liliondoa sharti la digrii kwenye maelfu ya kazi za serikali mwaka 2022, na kampuni kadhaa zikatangaza vivyo hivyo. Lakini 2024 watafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute walikwenda kutazama nani hasa aliyeajiriwa baada ya matangazo yale. Wakakuta mabadiliko hayo yalifaa chini ya mtu mmoja katika kila 700 wanaoajiriwa. Tangazo limebadilika, anayepekua mafaili ni yule yule wa jana. Na huko ni kwao, tuzungumze ya Kilindini, bandari yetu hapa Mombasa.

Pale ofisini kukitokea nafasi ya karani wa kutayarisha hati za forodha, mimi huwa mmoja wa wanaosaili. Siku hizi tangazo hata hatubandiki. Neno likitoka tu kwenye WhatsApp, asubuhi barua pepe zimejaa, na wengine bado waja mlangoni na bahasha zao za khaki, jasho likiwatoka. Kazi yenyewe haihitaji digrii, nakwambia wazi. Yahitaji mtu anayesoma karatasi kwa makini, aujuaye mfumo wa forodha kwenye kompyuta na asiyeona haya kupiga simu kuuliza. Lakini nafasi ni moja, waombaji hawana idadi, na bosi hana muda wa kufungua kila bahasha. Basi atasema: toeni wenye digrii kwanza. Wala hadhani wao ndio hodari zaidi. Ataka rundo lipungue, basi.

Mwaka jana tulifanya hivyo, wakabaki vijana wa digrii watupu na msichana mmoja wa diploma kutoka Likoni. Nikampa kila mmoja ankara na hati ya shehena, nikawaambia: tazama, unijuze kama mzigo huu uko tayari kuingizwa kwenye mfumo. Wengi walinieleza biashara ya kimataifa kana kwamba wako kwenye mtihani. Yule msichana alinyamaza, akaweka kidole kwenye nambari ya kontena, akawa anahesabu kwa midomo. "Hapa pamepungua tarakimu moja," akasema. Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba. Pale palikuwa na sita, ya saba nilikuwa nimeifuta mwenyewe. Ukituma karatasi kama ile forodhani, utarudi kuomba marekebisho, na mzigo ukikaa bandarini gharama za ghala zaendelea kuhesabiwa, na mwenye mali hataki kusikia habari za tarakimu. Kazi alipata yeye.

Sasa usikimbilie kusema "Waona, Baba!" Jiulize kwanza msichana wa diploma aliingiaje chumba kile na bosi amesema digrii kwanza. Aliwahi kufanya atachimenti kwetu, yale mazoezi ya kazi ya wanachuo, na mama wa ofisi ya hesabu, ambaye hasemi mara mbili, akasema huyu aitwe, kazi yake naijua. Lau si neno lile, bahasha yake ingeishia chini ya meza na uhodari wake wa kuhesabu tarakimu hakuna ambaye angeusikia.

Kwa hivyo mimi nionavyo, cheti ni cha kusomwa na watu wasiokujua. Aliyekuona ukifanya kazi hana haja nacho. Asiyekuona hana kingine cha kushika. Na kijana atafutaye kazi ya kwanza, karibu kila aliye upande wa pili wa meza hamjui.

Wakumbuka tulivyobana matumizi ulipokuwa shuleni? Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, na mwaka uliofuata makontena yakaamriwa yapande reli hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, kazi ya kutoa mizigo nayo ikafuata huko. Yadi za hapa zikapunguza watu, madereva wa malori wakakaa vijiweni, wakazi wakaandamana. Wenzangu waliokuwa mabingwa, watu ambao maafisa wa forodha wenyewe walikuwa wakiwauliza, walipanda basi kwenda Nairobi kutafuta. Huko hakuna aliyekuwa akiwajua. Wakaulizwa cheti, na cheti kilikuwa ni kile cha fomu foo. Waliopata meza ni wenye karatasi, wakiwemo wale tuliokuwa tukiwacheka kwa uzito wa mikono. Rais Ruto aliamuru shughuli zirudi Mombasa Septemba 2022, lakini kutoka 2018 hadi hapo ni miaka mingi ya kulisha watoto. Huyo mwenzako wa Changamwe nampenda, ni mchapakazi, na akija nyumbani hali mpaka amsaidie mamako kuteka maji. Ila sifa zake zote ziko ndani ya geti la yadi moja.

Na kama digrii haina thamani, mbona watu waighushi? Mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema ukaguzi umekuta vyeti bandia zaidi ya 2,000 kwa wafanyakazi wa taasisi za umma. Mtu hachapi noti bandia ya pesa ambayo dukani haipokelewi. Serikalini madaraja hupangwa kwa vyeti, na uhandisi au uwakili hata sina haja ya kukueleza.

Sikudanganyi kwamba ukimaliza utakuta kazi yakungoja. Hapa mtaani wako wenye shahada wanaoendesha tuktuk, na si wavivu. Wengi wao, nikiwasikiliza, walisoma miaka minne bila kukanyaga ofisi yoyote isipokuwa ile atachimenti ya lazima, tena huko walikuwa wakitumwa chai. Wakatoka na karatasi, na hakuna hata mtu mmoja wa kusema "kazi yake naijua". Hilo ndilo linalonitia wasiwasi juu yako kuliko hiyo digrii yenyewe.

Kuna na jambo la HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo, ambalo kwenye sauti yako hukuligusa kabisa. Ukiacha mwaka wa tatu, deni haliachi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukifika wakati wa kulipa usilipe, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mshahara wa kibarua wa mwanzo wauona mwenyewe ulivyo. Utalipia digrii usiyo nayo.

Basi maliza. Umebakisha mwaka mmoja na kitu, na mimi na mamako tumeshapanga karo ilivyobaki, hilo usilibebe. Lakini likizo ya Mei hadi Agosti usikae huko Nairobi kuuza viatu mtandaoni. Njoo. Nimezungumza na ofisi moja pale mjini ambayo si yetu, maana sitaki ukae chini yangu watu waseme umebebwa. Uwe unafika kabla ya wote, uombe ukae na anayejaza hati, usikae na anayepiga soga. Ukishamaliza chuo, tutatafuta pesa usome kile cheti cha forodha na usafirishaji mizigo cha Afrika Mashariki, kinachofundishwa KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru. Wana tawi hapa hapa Mombasa. Digrii ikija na kile cheti ubavuni, sisi tunaosaili huiweka bahasha kando tuisome vizuri.

Barua ya chuo ya kuombea atachimenti initumie kabla Aprili haijaisha, maana nafasi hujaa mapema na wa TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa, wako karibu, wao hupeleka zao kwa miguu. Ambatisha na karatasi ya bima ya chuo. Bila hiyo hawatakuruhusu uingie bandarini na wenzako, utabaki ofisini kupanga mafaili. Mamako asema ukija umletee viazi vya Limuru, vya hapa vimepanda bei.

Babako