Kura 141, lakini vita havikusimama

Salaam, ndugu. Umeuliza inawezekanaje nchi 141 zilaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine tarehe 2 Machi 2022, na bado Umoja wa Mataifa ushindwe kuusimamisha.

Nafundisha uraia sekondari, na jambo la kwanza ninalowaagiza wanafunzi walikague katika habari ya namna hii ni chombo kilichopiga kura. Hizo 141 zilikuwa za Baraza Kuu, ambalo azimio lake katika mambo ya vita ni wito tu, halimfungi mtu. Chombo chenye uwezo wa kuamuru ni Baraza la Usalama, na huko, tarehe 25 Februari, nchi 11 kati ya 15, Kenya ikiwemo, ziliunga mkono rasimu ya azimio, China, India na Falme za Kiarabu zikajizuia kupiga kura, na kura moja ya Urusi ikaizima rasimu yote, kwa kuwa ni kura ya turufu.

Kisha soma Ibara ya 108 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa: utaratibu huo haubadilishwi bila ridhaa ya mataifa yote matano yenye turufu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma iliyohalalishwa kwa maandishi, na inaniuma vilevile Marekani inapoitumia kuzuia azimio la kusitisha mapigano Gaza, kama ilivyofanya Desemba 2023.

Tafadhali usizihesabu nchi 35 zilizojizuia katika Baraza Kuu, Tanzania na Uganda zikiwemo, kuwa zilikuwa upande wa Urusi. Zilizopinga azimio lile, pamoja na Urusi yenyewe, zilikuwa 5 tu.