HOLD sio handbreki

SWALI: Fundi habari, nina Honda Vezel, kwenye foleni naweka HOLD (ile swichi ya kushikilia breki gari ikishasimama) nipumzishe mguu. Fundi wa mtaani kasema inamaliza pedi za breki, niache. Halafu nikifika home naacha HOLD nashuka kufungua geti, pana kamteremko. Mkanda huwa sifungi, nimechomeka kwenye tundu la mkanda kile kiklipu cha kuzima kelele. Kuna shida?

JIBU: Pedi zinaisha zikisuguana na diski inayozunguka ndugu yangu, sasa tairi limesimama zisuguane na nini? Hilo la fundi achana nalo, tumia HOLD kwenye foleni bila wasiwasi.

Kilichonishtua ni geti. Hii naiona kila mara, watu washaamini HOLD ndio handbreki ya kisasa. Sio! Ukikanyaga breki gari ikasimama, valvu kwenye pampu ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki ghafla) zinafunga oili ya breki isirudi, ile presha ya mguu wako inabaki imenaswa kwenye breki, ukigusa mafuta zinafunguka gari inaondoka. Yaani ni presha ya oili inashikiliwa na umeme, basi. Handbreki ya umeme ni kitu kingine kabisa, ile ina mota ndogo kwenye breki za nyuma inabana kwa chuma, hata betri ife haiachii.

Honda walijua watu watajisahau, kwa hiyo HOLD ikikaa zaidi ya dakika 10, au ukizima injini, au ukifungua mkanda, gari inavuta handbreki yenyewe. Umeona hapo kwenye mkanda? Ndio gari inavyojua dereva anataka kushuka. Sasa wewe umechomeka kiklipu, gari inaamini umefunga mkanda na umekaa, kumbe uko nje mbele ya bampa unahangaika na kufuli, gia iko D (ya kwenda mbele), na kama ni haibridi inaweza kuwa kimya kabisa ukadhani imezimika.

Na hapa naongea na wote sio huyu peke yake. Viklipu hivi vinauzwa kama urembo, na wapo wanaojiita mafundi wanakufungia bure kama ofa. Airbag imetengenezwa ifanye kazi na mkanda, bila mkanda inakukuta ushafika kwenye usukani nayo inafumuka kwa nguvu ya kuvunja uso. Mafundi hao hao taa ya ABS ikiwaka wanang'oa balbu au wanabandika solotepu wanakwambia tayari, na pampu ya ABS ndio hiyo hiyo inayoshika HOLD, hiyo sio kazi ni kumficha mteja ugonjwa wa gari yake, inaniuma sana kuona mtu analipia kitu kama hicho.

Kiklipu ng'oa leo. Ukifika getini mguu ubaki kwenye breki, weka P (gia ya kuegesha), vuta swichi ya handbreki, subiri taa nyekundu iwake kwenye dashibodi, ndipo ufungue mlango.