Kwa nini kerneli inatupa fremu za Wi-Fi kati ya Kigongo na Busisi?

SWALI: Ndugu mhandisi, nimeunganisha ofisi iliyoko Kigongo na ghala la Busisi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kwa ruta mbili za Linux zenye kadi za Wi-Fi zinazotumia draiva (programu inayoendesha kadi) ya ath9k, kwenye masafa ya GHz 5. Mawimbi yanapokelewa kwa nguvu ya -61 dBm, lakini upande wa Busisi hesabu ya rx drop misc (fremu zilizopokelewa kisha zikatupwa) inapanda mfululizo na kasi ni ndogo mno. Vifaa hivihivi vilifanya kazi vizuri tulipovijaribu Kirumba, kutoka paa hadi paa. Je, kerneli, yaani kiini cha Linux, inapoteza data yangu? Ninunue antena kubwa zaidi? Fundi mitandao, Sengerema.

JIBU: Ndugu fundi, antena isubiri kwanza, kwa sababu -61 dBm ni mawimbi ya kutosha kabisa, na jaribio lako la Kirumba limeshatuonyesha pa kutafuta: vifaa ni vilevile, kilichobadilika ni umbali.

Kerneli inatupa fremu (vipande vya data vinavyotumwa hewani) kweli, lakini hesabu ya rx drop misc hujumlisha fremu zote ambazo mac80211, sehemu ya kerneli inayoshughulikia Wi-Fi, imezikataa kwa sababu mbalimbali, zikiwemo nakala za fremu ambazo tayari imeshazipokea. Upande wa Busisi, endesha ethtool -S wlan0 (wlan0 ni jina la kadi ya Wi-Fi) uangalie rx_duplicates, yaani hesabu ya nakala. Upande wa Kigongo, endesha iw dev wlan0 station dump uangalie tx retries, yaani mara ambazo fremu zimetumwa tena. Hesabu hizi hujikusanya tangu vifaa vilipounganishwa, kwa hiyo soma mara mbili na ulinganishe ongezeko, si jumla. Zikipanda zote mbili kwa pamoja ilhali mawimbi ni mazuri, basi fremu zinafika salama, ila Kigongo haijui kwamba zimefika na inazituma tena. Ongezeko la rx_duplicates linaweza kuwa dogo kuliko la tx retries, kwa kuwa fremu zinazotumwa kwa mafungu na kurudiwa kwa kuchelewa hutupwa wakati wa kupangwa upya bila kuingia kwenye hesabu hiyo.

Kinachosababisha hali hiyo ni muda. Kila fremu ya data inayoelekezwa kwa kifaa kimoja hudai uthibitisho kutoka kwa mpokeaji, na mtumaji husubiri kwa mikrosekunde chache tu kabla ya kuhesabu kwamba fremu imepotea. Mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde moja. Pale daraja linapovuka ghuba, upana wa maji ni kama kilomita 3, hivyo kwenda na kurudi huchukua mikrosekunde 20. Katika GHz 5, kipimo cha muda kinachoitwa sloti ni mikrosekunde 9 tu, na muda wa kawaida wa kusubiri umekadiriwa kwa mitandao ya majengo. Uthibitisho wako unafika Kigongo wakati mtumaji ameshakata tamaa. Kisha draiva inashusha kasi ikidhani kwamba hewa ni mbaya. Kuongeza nguvu za antena hakuwezi kuyaharakisha mawimbi, na ningesikitika sana kuona fedha za ofisi zinaishia huko.

Pima umbali halisi kati ya antena na antena, uongeze kidogo, kisha toa amri hii katika ruta zote mbili:

iw phy phy0 set distance 3500

Kerneli hugawa umbali kwa hatua za mita 450, kila hatua ikiongeza mikrosekunde 3 za kusubiri, na hupandisha hadi hatua inayofuata. Usiandike kilomita 20 kwa tahadhari, maana kila uthibitisho unapopotea kweli, mtumaji atakaa bure muda wote huo. Mpangilio huu hupotea ruta inapozimwa, kwa hiyo uweke kwenye faili la kuwashia.

Nakala zikipungua lakini tx retries zikaendelea kupanda na kushuka kadiri siku inavyokwenda, shuku mwangwi wa mawimbi kutoka juu ya maji, na ujaribu kubadilisha kimo cha antena ya upande mmoja. Na ikiwa rx drop misc bado inapanda bila nakala, fuatilia tukio la skb:kfree_skb kwa perf, zana ya Linux ya kuchunguza kerneli. Tangu toleo la 5.17 la mwaka 2022, kerneli hutaja humo sababu ya kuitupa pakiti.

Siku ukibadilisha kadi, ijaribu amri ya umbali kabla hujaipandisha mnarani. Draiva nyingi zinazoachia kazi hii programu ya ndani ya kadi hujibu kwa kosa la -95 (amri haikubaliki), na kadi ya namna hiyo haifai kuvusha ghuba.