Hela iko wapi hapo?

Umesema kwamba mwandishi haandiki ila kwa hela au jina. Ingekuwa hela, ndugu yangu, wengi wangeshaacha zamani. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa riwaya ya Kiswahili isiyosomwa shuleni mara nyingi haulipi hata kodi ya chumba. Mtazame mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", na humo gerezani akawa anatunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Nani alimtuma? Mchapishaji hana, msomaji hana, karatasi zenyewe za kufichaficha. Dhiki ilimjaa ikatafuta pa kutokea, basi. Mashairi hayo ndiyo yaliyochapishwa 1973, Sauti ya Dhiki. Mwana Kupona naye, mshairi wa pwani, miaka ya 1850: mgonjwa, mumewe keshafariki, binti bado kijana, akamwachia wasia kwa utenzi. Alikuwa akiuza nini?

Kwenye jina nakupa nusu. Watunzi wetu wa tenzi wanapenda sana kujitaja kwenye beti za mwisho, na ukoo juu yake!