Fuvu au fuvu la kichwa? Na hilo neno "yaliyokusanywa"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza kipeperushi cha wageni wanaokuja Old Moshi kuona pale Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliponyongwa. Nimeandika "mafuvu ya vichwa yaliyokusanywa enzi za Mjerumani". Mwenzangu anasema nifute "ya vichwa" kwa sababu fuvu ni la kichwa tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili. Fuvu ni ganda gumu lililobaki tupu, ukoo mmoja na kifuu cha nazi, ndo maana wazee walizoea kuongeza "la kichwa". Siku hizi ukisema fuvu peke yake kila mtu anakuelewa. Acha au futa, haidhuru.

Ila hilo "yaliyokusanywa" siwezi kulipita. Nalisikia redioni, nalisoma magazetini, viongozi wanalisema kwenye hotuba, na kila mara linanikera upya. Jamani, kukusanya si tunakujua? Tunakusanya kuni, tunakusanya maoni, mzee anakusanya wanawe jioni, yaani kitu kimetawanyika na wewe unakiweka pamoja, na hakuna aliyeumia. Sasa chukua Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwaka 1898 kazingirwa, kajipiga risasi ili asishikwe, na kwa vile kichwa chake kilikuwa na zawadi ya rupia 5,000 Mjerumani aliyeukuta mwili akaamuru kikatwe. Hicho kichwa kilikatwa! Hata mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya kwanza, kifungu cha 246, ulipoidai Ujerumani ilirudishe hilo fuvu ndani ya miezi 6 ulisema tu "liliondolewa" likapelekwa Ujerumani, kama vile meza inavyoondolewa sebuleni. Wahehe walilipokea 1954, Kalenga.

Na huyo Meli wenu, kanyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18, na ukoo wake mpaka leo unasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, wanakitafuta. Utamwambia mjukuu wake kwamba babu yake "alikusanywa"?

Kule Berlin yapo mafuvu yapata 1,100 yaliyotoka koloni la Mjerumani huku kwetu, zaidi ya 900 ni ya Rwanda, karibu 200 ni ya Tanzania. Mengi ya Rwanda yalibebwa na Czekanowski, mtaalamu wa kupima watu, aliyekuja 1907 na msafara wa Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa kitawala wa Mecklenburg huko Ujerumani. Mengi katika hayo 1,100 yalitolewa makaburini na kwenye mapango ya kuzikia, ili Felix von Luschan, bwana wa makumbusho ya Berlin, na wenzake wayapime na kuyapanga kabatini kwa makabila. Anayeingia makaburini kwa watu usiku au mchana akatoka na mifupa, Kiswahili kina neno lake: amefukua. Na kama hakuomba kwa wenyewe, ameiba.

Tena kuna moja limeandikwa juu ya mfupa wenyewe "Akida". Neno letu hilo, la cheo, limeandikwa juu ya kichwa cha mtu! Walijua kabisa kwamba huyu alikuwa mtu mwenye heshima yake, mshauri wa Mangi Meli, na bado wakamweka kabatini. Vipimo vya vinasaba vya 2023 vilipata ndugu zake walio hai, na mafuvu mengine mawili pia yakapata ndugu. La Meli hawakulipata.

Najua utaniambia wenyewe Wajerumani wanaita "mkusanyiko". Sawa, kama ni jina la kabati lao kwenye karatasi zao, "Mkusanyiko wa Luschan", liandike hivyo hivyo, nishachoka kugombana na majina. Lakini kwenye sentensi yako mwenyewe kitenzi ni chako, na hiyo -wa ya mwisho wa "yaliyokusanywa" inamficha mtenda. Nani kakusanya? Hasemwi.

Kwa hiyo andika: "Wajerumani walikata vichwa, wakafukua makaburi, wakayapeleka mafuvu Berlin." Kama nafasi haitoshi kwenye kipeperushi, punguza picha ya mlima.